Ujifunzaji mtandaoni

Ujifunzaji mtandaoni ni ujifunzaji ambao masomo, mazoezi, mijadala na pengine mitihani humfikia mwanafunzi kupitia intaneti, yeye na mwalimu wakiwa mahali tofauti. Ni tawi moja la elimu masafa, ambayo ni kongwe kuliko intaneti: watu walisoma kwa posta na redio muda mrefu kabla ya kompyuta kuenea. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi wa Kenya na Tanzania walitangaziwa vipindi vya redio na televisheni. Hiyo ilikuwa elimu masafa, lakini haikuwa ujifunzaji mtandaoni.

Tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alipewa tangazo la kozi ya wauguzi, akaandika “elimu masafa” mahali palipohitaji “vipindi mubashara mtandaoni”. Muuguzi mmoja alilipa ada akiamini kwamba atasoma usiku, baada ya zamu. Akakuta vipindi vinaanza saa nne asubuhi, saa ambayo yeye yumo wodini. Ada haikurudishwa. Tangu hapo huwasisitizia wanafunzi wangu: mtafsiri aulize kwanza kama somo lina saa maalumu au mwanafunzi hujipangia mwenyewe, ndipo achague istilahi.

Katika kitenzi jifunza mna -ji- ya kujirejelea, ingawa mazoea yameifanya isihisike. Tunasema mtoto anajifunza hata pale mwalimu anapofanya kazi yote. Anayesoma peke yake kwa simu, huku akihesabu bando lililosalia, huirudishia -ji- hiyo uzito wake. Kwa sababu hiyo napendelea ujifunzaji mtandaoni kuliko elimu mtandaoni ninapomzungumzia mwanafunzi. Elimu ibaki kwa mfumo na sera.

Kazini neno linalosikika zaidi ni kujiendeleza. “Anajiendeleza” husemwa juu ya mwalimu wa stashahada anayetafuta shahada bila kuacha kazi. Hatuwezi kulitumia kwa mtoto wa darasa la tano, hata akishinda mtandaoni akisoma. Neno hilo hudokeza mtu mwenye ajira au majukumu ya nyumbani, anayeongeza elimu juu ya aliyokwisha kuipata. Mtafsiri wa matangazo ya kozi za jioni atalihitaji mara nyingi.

Matumizi. Mtandaoni lina -ni ya mahali tayari, kwa hiyo “katika mtandaoni” ni kosa. Andika “katika mtandao” au “mtandaoni”. Sentensi “Amesoma mtandaoni” ina utata, kwa kuwa soma ni kupitia maandishi na pia ni kupata elimu. Ukikusudia maana ya pili, andika “Amehitimu kozi ya mtandaoni”. Wingi, mitandaoni, kwa kawaida hueleweka kuwa mitandao ya kijamii: habari iliyosomwa mitandaoni huenda ikawa uvumi tu.