Picha za Lubumbashi: zipi tuzitunze?

Katika nyumba nyingi za mji wetu iko kazi moja ambayo kila mtu huiahirisha. Simu imejaa. Yasema haina nafasi tena, yakataa kupiga picha nyingine hata moja. Ndipo mwenye simu huketi uani na kuanza kufuta: hii ya harusi, hii ya mtoto, hii ya barabara, hii sijui ya nani. Kwa nusu saa zimekwisha picha mia tatu. Nasi tumefanya hivyo mara nyingi, na siku moja tulifuta picha ya pekee ya baba mdogo wetu alipokuwa bado mzima. Tulidhani ndugu yetu anayo katika simu yake. Yeye naye alidhani iko katika yetu.

Kwa sababu ya picha ile tukaanza kuuliza: wale waliotutangulia hapa Lubumbashi walitunza picha zipi, na nani aliyezichagua?

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka 1966. Mwaka ule wa 1910 reli ilifika kutoka kusini, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipenda sana picha. Ilipiga mashimo, mashine, kambi za wafanyakazi, shule, akina mama na watoto wao wachanga. Lakini picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya wale wanaoonekana ndani yake. Zilikuwa za kampuni, za kuonyesha kule Ubelgiji kwamba kazi yaendelea vizuri. Basi, ukizitazama leo waona wanaume wamesimama safu, macho yao yakikutazama moja kwa moja. Mahali pametajwa, kazi imetajwa. Mara nyingi jina la mtu halimo.

Katika miaka ile ile kilikuwako kitabu kingine kilichotunza watu kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mapadre Wabenedikto walifika mwaka 1910, na Wasalesiani mwaka 1911, na kila parokia iliandika kitabu cha ubatizo: jina la mtoto, jina la baba na la mama, msimamizi, tarehe. Uso haumo, lakini jina limo. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyotumika mpaka 1983, ilimwamuru paroko kupeleka kwa Askofu kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vya parokia. Sababu yake yaeleweka. Nyumba ya mapadre yaweza kuungua, mchwa nao hawaheshimu mihuri. Kitabu kimoja kikipotea, kingine kiko mahali pengine. Vijana wa kompyuta wanaotufundisha leo kuweka nakala ya pili nje ya nyumba watashangaa kusikia kwamba makarani wa misioni walifanya hivyo kwa kalamu na wino.

Hivyo upande mmoja tuna nyuso zisizo na majina, na upande wa pili majina yasiyo na nyuso. Sisi twaona kwamba hasara kubwa ya historia ya mji wetu imo katika nafasi hiyo iliyo kati yao.

Kuna mambo mengine ambayo wenye kuchagua hawakupenda yakumbukwe. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakitaka mshahara mkubwa zaidi, na askari wakawapiga risasi hapa mjini. Kumbukumbu ya siku ile haikungoja albamu ya kampuni. Wazee waliwasimulia watoto wao, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu akaichora miongoni mwa picha karibu 100 za historia ya nchi alizozifanya hapa Lubumbashi katika miaka ya 1973 na 1974. Picha hizo leo zimo katika makumbusho ya Amsterdam. Ni vema kwamba zimetunzwa; lakini mtoto wa Katuba akitaka kuziona, safari yake ni ndefu.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 nayo ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, maduka yaliporwa mwaka 1991, na mishahara ikawa ya kungojewa miezi na miezi. Picha za zamani zilibaki kabatini, na nani angeshughulika nazo wakati watu wanatafuta unga? Ndipo kijana wa mji huu, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, akazitafuta. Mwaka 2006 alitengeneza kazi aliyoiita Mémoire. Aliwatoa watu wa picha zile za kale, akawasimamisha mbele ya picha alizozipiga mwenyewe za viwanda vilivyokuwa magofu. Wanaume wale wasio na majina wakasimama tena mbele ya mabati yenye kutu. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipewa tuzo huko Bamako. Na mwaka 2008 yeye na wenzake walianza hapa mjini mikutano ya wapiga picha chini ya jina la Picha.

Hapa twaomba msomaji atue kidogo. Baloji aliweza kufanya kazi yake kwa kuwa karatasi huvumilia uzembe. Picha iliyosahauliwa sandukuni miaka sitini hufifia, hupata madoa, lakini yaweza kuonekana bado. Faili ya kompyuta haina uvumilivu huo. Diski ikianguka mara moja, yaweza kuwa imekwisha. Fleshi iliyoachwa miaka mingi bila kuchomekwa huweza kupoteza iliyopewa. Umeme ukikatika wakati wa kunakili (nasi twajua unavyokatika) faili inayoandikwa huenda ikaharibika. Na simu ya marehemu ikiwa na neno la siri alilokwenda nalo, picha zote zimefungwa humo kama katika kaburi.

Mjukuu wetu mmoja alisema: "Ya nini kuchagua? Tunzeni zote." Maneno yake yana nguvu. Kadi ya gigabaiti 64 yaweza kubeba picha za simu zipatazo 15,000, na haichukui nafasi zaidi ya ukucha. Zaidi ya hayo, kila anayechagua hufuta kitu cha mtu mwingine, kama kampuni ilivyoacha majina. Lakini tulimwuliza: katika hizo 15,000, ni nani atakayemtafuta nkambo wako? Naye asipopatikana, atakuwa ametunzwa au amefichwa? Hakujibu. Alikwenda kununua diski, na hilo lilikuwa jibu zuri.

Basi tuliketi jamaa wote jumamosi tatu. Tuliwakumbuka wale walioondoka mkoa wetu mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, wakalala majuma katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mtu aliye katika hali hiyo hubeba sufuria, blanketi na watoto. Albamu hubaki. Kwa hiyo swali letu la kwanza halikuwa kama picha ni nzuri. Tuliuliza: ikipotea hii, je, yuko mwingine aliye nayo? Kwa harusi tulikuta picha 412, na wageni wengi wanazo pia, tulibakiza 20. Tulizotaka kufuta upesi ndizo tulizozitunza: mlango wa nyumba ya kambi kabla haujabadilishwa, jiko la mkaa la mama, baba mbele ya baiskeli yake ya kazi, foleni ya maji. Makabati ya Gécamines yalitufundisha hivyo. Kilicho cha kila siku hakuna anayekitunza kwa makusudi, nacho ndicho wajukuu watakachouliza.

Tulijifunza pia kutotegemea picha iliyopitia WhatsApp. Kwa kawaida hupunguzwa njiani, na uso ulio nyuma hugeuka ukungu. Twamwomba aliyeipiga atupe faili yake ya kwanza. Halafu twafuata kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Intaneti kwetu ni ghali, kwa hiyo "mahali pengine" ni nyumba ya dada yetu upande wa pili wa mji. Kila Pasaka diski zote mbili hufunguliwa na kutazamwa. Na picha chache zilizo bora tulizichapa katika karatasi, majina yakaandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi.

Majina ndiyo yaliyotuchosha. Nkambo wetu, mama mzaa baba, macho yake ni dhaifu. Ilibidi tukuze kila uso katika kompyuta, naye akataja, nasi tukaandika. Katika picha moja, iliyonakiliwa toka karatasi iliyopasuka, watu saba wamesimama mbele ya nyumba ya kambi. Sita aliwataja, kila mmoja na kijiji chake, na mmoja na deni lake. Wa saba yuko nyuma, kofia imemfunika nusu ya uso. Nkambo alitazama muda mrefu, akasema atamwuliza mdogo wake aliyeko Kipushi. Tumeandika: "wa saba, jina lasubiriwa."