Nyumba moja, majiko manne

Agosti 23, 2022, saa mbili asubuhi, karani wa sensa aliingia uani kwetu Temeke na kishikwambi mkononi. Nyumba yenyewe ni hizi za Kiswahili zinazojulikana na kila mtu Dar es Salaam: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, choo na bafu uani. Akauliza humu mna kaya ngapi.

"Moja," mama mwenye nyumba akajibu. "Nyumba ni yangu."

Karani hakubishana. Alitupa jicho kwenye kibaraza cha uani akahesabu majiko: mawili ya mkaa, mitungi miwili midogo ya gesi yenye majiko yake juu. "Kwa hiyo mama, mnapikia majiko manne."

Kwa sensa, nyumba ni ukuta na bati tu. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na anayeishi na kula peke yake naye ni kaya. Ukilifuata jiko badala ya bati, utaisoma historia ya Dar es Salaam vizuri kuliko kwa kutazama maghorofa ya Posta.

Historia hiyo inaanza na mji wa wanaume. Sayyid Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, alileta vibarua, walinzi na wafanyabiashara. Wajerumani walipoufanya mji kuwa makao yao makuu mwaka 1891, wakaja askari, wapagazi, makuli wa bandarini na watu wa reli. Wengine walitoka mbali kweli. Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, baba yake alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji katika jeshi la Wajerumani. Walikuwapo Wanubi wenye asili ya Sudan, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Washihiri wa Yemen. Na kuzunguka wote hao walikuwapo Wazaramo, wenyeji, ambao kwa miaka mingi walibaki kundi kubwa kuliko yote mjini.

Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, waliukuta umeshaanza kugawanywa, nao wakaukamilisha mgawanyo huo kwa sheria za ujenzi. Ukanda mmoja ulitaka nyumba za Kizungu, wa pili maduka na maghorofa ya makazi, wa tatu uliruhusu nyumba za udongo na makuti. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu aliielewa. Hadi leo tunasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kana kwamba ni majina yaliyoshuka na mvua. Kariakoo lenyewe lilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, waliopiga kambi pale.

Serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa mjini kama mpita njia. Kwao ni kijijini, mke yuko kijijini, shamba liko kijijini. Mjini anachuma kodi ya kichwa na nguo mbili tatu, kisha arudi. Ndiyo maana mshahara ulipangwa wa kumtosha mtu mmoja, na hata hivyo haukumtosha. Matokeo yake yakaonekana ndani ya nyumba zile za vyumba sita. Chumba kimoja kilibeba wanaume wawili watatu, mara nyingi wa kijiji kimoja, wakichangia kodi na pengine chungu. Mgeni akishuka stesheni alikuwa na jina moja tu mfukoni, la ndugu au la mtu wa kwao, na usiku huo huo alikuwa ameshatandikiwa mkeka sakafuni.

J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya utafiti wa Waafrika wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950, aliyaona haya kwa macho yake. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1963 bado ndicho dirisha bora la kutazamia nyumba za enzi hizo, ukiweza kuvumilia lugha ya bwana shauri iliyomo ndani. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwenye nyumba hakuwa mwanamume kila mara. Mji uliokuwa na wanaume wengi na wanawake wachache uliwapa baadhi ya wanawake hao nafasi ambayo kijijini wangeipata kwa shida. Mwanamke aliuza vitumbua au pombe, akaweka akiba, akajenga nyumba yake, akapangisha vyumba. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa namna hii. Wengi wao hawakuhitaji ruhusa ya mume ili wakate kadi.

Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu 69,227. Mwaka 1957 walifika 128,742. Uhuru ulipokuja, vizuizi vya kuhamia mjini vikalegea, na wanawake na watoto wakaanza kufuata. Sensa ya kwanza ya nchi huru, Agosti 1967, iliukuta mji una watu 272,821, wanaume bado wakiwa wengi. Miaka 11 baadaye Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090.

Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila na dini yake. Tangu ile ya 1978 maswali hayo hayapo, ingawa mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viligoma kuhesabiwa vikitaka swali la dini lirudishwe. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba Wachaga ni asilimia kadhaa ya Dar es Salaam, au kwamba Wazaramo wamebaki wachache, anakwambia hisia zake. Kwa mwandishi wa historia ni hasara, siwezi kukataa. Kwa mpangaji wa chumba cha tatu, asiyeulizwa tena kabila lake, ni nafuu, na mimi niko upande wa mpangaji.

Uhindini kulikuwa na historia yake ndani ya historia. Waismailia, Mabohora, Wahindu na Wagoa waliishi juu ya maduka, mara nyingi vizazi vitatu kwenye ghorofa moja: babu, watoto wake wa kiume na wake zao, wajukuu, wote jiko moja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Katika vyumba walivyoacha wakaingia watumishi wa serikali na mashirika ya umma, pamoja na wadogo zao wanaosoma, shemeji anayetafuta kazi na binti wa kulea mtoto. Ngazi zilikuwa zile zile, ila harufu ya jikoni ilibadilika.

Watu walipozidi kuongezeka, jiji likaanza kuwaogopa watu wake. Mwaka 1983, kwa sheria iliyojulikana kama ya Nguvu Kazi, walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi. Dar es Salaam mtu haondolewi kwa lori. Akiwa na ndugu mwenye chumba, ana pa kurudia.

Kisha likatokea jambo ambalo halikupigiwa tarumbeta. Sensa ya 2002 ilikuta wanaume wangali wengi kuliko wanawake, japo kwa kiasi kidogo. Ya 2012 ikakuta mizani imepinduka: wanawake 2,238,755, wanaume 2,125,786. Ya 2022 ikaongeza pengo: wanawake 2,783,710 kati ya watu 5,383,728. Mji ulioanza na askari na makuli sasa ni wa wanawake.

Ukitaka kuelewa, usianze na takwimu. Simama stendi jioni mabasi ya mikoani yanaposhusha abiria, uone wasichana wanaopokewa na mtu mwenye picha yao kwenye simu. Wengine wanakuja kusoma, wengine kufanya biashara, wengine kufanya kazi za ndani. Hao wa mwisho ndio wanaonifikirisha. Dada wa kazi analala chumba kimoja na watoto na kula chungu kimoja na wenye nyumba, basi karani anamwandika humo humo kwenye kaya yao. Katika safu ya uhusiano na mkuu wa kaya anabaki peke yake bila neno la undugu.

Kaya za jiji pia ni ndogo. Mwaka 2012 wastani wa Dar es Salaam ulikuwa watu 4.0 kwa kaya, wakati wa taifa ulikuwa 4.7. Chumba kimoja hakipanuki, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mtoto wa kwanza anapelekwa kwa bibi Masasi au Kondoa, anahesabiwa huko, na katika orodha ya kaya hapa mama yake anaonekana kama mtu asiye na mtoto.

Serikali nayo ina namna yake ya kuhesabu kaya. Magomeni Kota, nyumba za zamani zilipobomolewa, wakazi waliahidiwa kurudi, na orodha ilikuwa ya kaya 644. Maghorofa mapya yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022, takriban muongo mmoja baada ya watu kuondoka. Hesabu ilibaki 644 ile ile. Katika miaka hiyo mtoto wa darasa la kwanza alikwisha kuwa kijana wa kutafuta chumba chake mwenyewe.

Tulikuwa bado uani. Karani alimfikia mpangaji wa chumba cha pili, mke wa dereva wa lori.

"Mkuu wa kaya nani?"

"Baba watoto. Lakini kalala Tunduma."

"Basi yeye atahesabiwa huko huko. Hapa tumwandike nani?"

Mama yule alifikiri, akajifunga kanga vizuri. "Niandike mimi."

Kikabaki chumba cha mwisho, cha vijana wawili wa bodaboda wasio na jiko. Asubuhi wanakunywa chai kwa mama ntilie wa kona, mchana kila mmoja anakula alipo. Karani akawauliza kama wanakula pamoja. Wakatazamana.

"Wiki nzima hapana," mmoja akasema. "Ila Jumapili tunaazima jiko la mama, tunachangia wali."

Karani alikaa kidogo kidole chake kikiwa juu ya kioo. Halafu akabonyeza, kaya ya tano, akaomba maji ya kunywa.