Safu ya Lugha: Kebo si waya, wala si mkongo
Umeme wa Unguja huvuka bahari kutoka Ras Kiromoni, jirani na Boko, hadi Fumba, masafa yasiyofika kilomita 40. Kinachouvusha wengi hukiita "waya wa baharini", na siku hizi wapo wanaosema "mkongo wa umeme". Majina yote mawili yanapotosha. Waya ni uzi wa metali. Ule unaopita juu ya nguzo huwa mtupu, hewa tu ndiyo inayoukinga. Ukiulaza hivyo hivyo majini na msongo wake wa kilovoti 132, umeme hautafika popote. Kebo ni kitu kizima: ndani mna nyaya za shaba, kila moja imevikwa kihami kinene, kisha huja ala ya kuzuia maji, na nje deraya ya nyaya za chuma. Waya, basi, ni kiungo tu cha kebo. Mkongo nao ulikwishachukuliwa na mawasiliano: Mkongo wa Taifa hupitisha mwanga, si umeme.

Atasema mtu kwamba kebo ni Kiingereza, na watu wanaelewana. Waya nalo limetoka huko huko, kwa hiyo ugeni si hoja. Na kuelewana kuna mipaka: Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, aliyeambiwa tatizo ni "waya" angeshangaa fundi anakawia nini. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013, kuipa nguvu ile ya 1980. Wahariri, andikeni "kebo ya umeme ya chini ya bahari".