Wakazi wa Mwatate na haki ya kudai huduma

Mwatate, mji ulio kando ya barabara itokayo Voi kwenda Taveta, ndio makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta. Kabla ya 2013 ulisimamiwa na baraza lenye ofisi Wundanyi, huko milimani. Mchuuzi aliyelipa ada na bado akaona taka zikirundikana sokoni alilazimika kupanda mlima au kumsubiri diwani.

Mabaraza yalipovunjwa mwaka huo, kazi ya kuzoa taka na kutunza mitaro na masoko ilitwaliwa na serikali ya kaunti. Hapo ndipo chama cha wakazi kilipopata meno, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu mwananchi kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wanaotaka kujua ada za soko zilitumikaje hawana haja ya kumbembeleza afisa.

Kero ngumu zaidi ni maji. Bomba la Mzima hupitisha maji katika kaunti hii kuelekea Mombasa, jambo ambalo wenyeji wamelilalamikia kwa miaka mingi. Usambazaji mijini hufanywa na kampuni ya TAVEVO, ilhali bomba lenyewe liko chini ya shirika la serikali kuu. Kwa hivyo, barua ya malalamiko yafaa ielekezwe kote kuwili.