Kiswahili cha Mwenzetu

Ndugu wanafunzi wa zamani, mtakumbuka tulivyomcheka mwenzetu wa Mombasa kila aliposema "ndia" badala ya "njia". Kinara wa kucheka nilikuwa mimi.

Baadaye nilisomea shahada ya pili ya isimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko ndiko nilikojifunza kwamba Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe! Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita hakikuachwa kwa ubovu. Ndicho alichotungia mashairi Muyaka bin Haji katika karne ya 19.

Kumbe mwenzetu hakukosea hata siku moja. Popote alipo, namwomba radhi.