Kusoma Ngozi: Utambuzi na Ukarabati wa Ala za Bastola za Kijeshi

1.0 Utangulizi

Neno ala, ambalo wingi wake wa kale ni nyala, limo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya kifuko cha kutilia kisu, jambia au upanga. Bastola ilipoingia katika maisha ya wasemaji wa Kiswahili, lugha haikulazimika kuunda neno jipya. Maana ya neno la zamani ilipanuliwa. Katika mhadhara huu, ala ya bastola ni kifuko cha ngozi ambacho askari hukivaa kiunoni ili kuihifadhi silaha yake.

Kwa mtazamo wa kwanza, chombo hiki ni cha mafundi wa ngozi na wakusanyaji wa zana za kijeshi, wala si cha wanaisimu. Hata hivyo, ala nyingi za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zimeandikwa. Zina jina la mtengenezaji, mwaka, vifupisho vya vikosi, na mara nyingine jina la mtu. Kwa hiyo ala ni matini. Na kama matini nyingine zote, inaweza kusomwa vizuri, kusomwa vibaya, kughushiwa, au kufutwa na mtu mwenye nia njema. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utambuzi lazima uutangulie ukarabati, na kwamba ukarabati hauna budi kukoma pale unapoanza kuifuta matini.

2.0 Umbo na chapa: ala ya P08

Mfano unaofaa kuanza nao ni ala ya bastola ya Luger, iliyopokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908 kwa jina la P08. Ala hiyo ni ya ngozi ngumu. Kifuniko chake ni kipana na cha mviringo, ubavuni ina mfuko wa magazini ya akiba, na chini ya kifuniko kuna kijifuko kidogo cha bisibisi ya kufungulia silaha. Umbo hilo humwambia mkaguzi ni silaha gani iliyokusudiwa, lakini halimwambii lini wala wapi ala ilitumika. Kwa swali hilo inambidi azisome chapa.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mtengenezaji aligandamiza katika ngozi jina lake, mji wake na mwaka. Jeshi nalo liliongeza chapa zake. Herufi B.A. zikifuatwa na namba ya Kirumi husimama badala ya Bekleidungsamt, yaani ofisi ya mavazi na vifaa, na namba hutaja kikosi kikuu kilichohudumiwa na ofisi hiyo. Baadaye, chini ya utawala wa Wanazi, ilitumika chapa ya tai pamoja na herufi WaA na namba ya mkaguzi. Kuanzia mwaka 1940 na 1941 majina ya viwanda yaliondolewa hatua kwa hatua, na mahali pake pakawekwa herufi ndogo, kwa kawaida tatu, ili adui asijue kazi inafanyika wapi. Kwenye bastola zenyewe, kwa mfano, kiwanda cha Mauser kilitambulishwa kwa herufi byf. Mwanafunzi wa isimu ataona hapa unasibu wa ishara katika hali yake kamili: hakuna chochote katika herufi hizo kinacholeta akilini jina la Mauser, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kutokana na mfuatano huo wa kihistoria, ala yenye mwaka 1916 na msimbo wa herufi tatu kama alama ya kiwanda kilekile inajipinga yenyewe. Hata hivyo, si kila tofauti ya miaka ni ushahidi wa ulaghai. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliliwekea jeshi la Ujerumani kikomo cha askari 100,000, na vifaa vya vita iliyopita viliendelea kutumika na kupigwa chapa mpya. Ala ya mwaka 1916 yenye chapa ya kikosi ya miaka ya 1920 inaweza kuwa halali kabisa. Msomaji asiyeijua historia hiyo ataikataa nakala sahihi, kama mhariri anayelisahihisha neno la kale kwa kudhani ni kosa la mwandishi.

3.0 Rangi kama tabaka la maandishi: ala ya M1916

Mfano wa pili ni wa Marekani. Baada ya jeshi la nchi hiyo kuipokea bastola ya M1911, ala iliyodumu zaidi ilikuwa ile ya M1916, yenye herufi US ndani ya duara la yai juu ya kifuniko, na jina la mtengenezaji na mwaka kwa nyuma. Ngozi yake ilikuwa ya hudhurungi. Katikati ya miaka ya 1950 jeshi lilihamia ngozi nyeusi, na ala nyingi za zamani zilipakwa rangi nyeusi ili ziendane na viatu na mikanda mipya.

Leo mkusanyaji anayepata ala ya mwaka 1943 iliyopakwa rangi nyeusi hushawishika kuiondoa rangi hiyo kwa dawa kali ili airudishe katika “asili” yake. Hapa ndipo neno asili linapopotosha. Rangi nyeusi haikupakwa na mharibifu. Ni ushahidi kwamba chombo cha Vita vya Pili kilikuwa bado kazini zaidi ya miaka kumi baadaye. Anayeiondoa hairudishi hali ya mwaka 1943, kwa kuwa dawa hukausha ngozi na kuufuta uso wake wa awali. Anachopata ni ala isiyokuwa ya mwaka 1943 wala ya mwaka 1957.

Hali ni hiyohiyo kwa majina yaliyoandikwa kwa wino. Askari wengi wa Marekani walichukua bastola za P08 kuwa kumbukumbu ya vita. Ikiwa ala ya Kijerumani ina jina la Kimarekani ndani ya kifuniko, jina hilo si uchafu. Ni sentensi ya mwisho ya matini.

4.0 Ngozi na maradhi yake

Ngozi za ala hizi kwa kawaida zilitengenezwa, au kama wasemavyo wa zamani zilidabighiwa, kwa tanini ya mimea. Ulaya ilitumia sana magome ya mwaloni. Pwani ya Afrika Mashariki inaijua tanini kutokana na magome ya mikoko. Katika vita vya 1914 hadi 1918, meli za Uingereza zilipoizingira Afrika Mashariki ya Kijerumani, mikoko ilitumika kutengeneza ngozi za viatu vya jeshi.

Ngozi ya aina hiyo ikivamiwa na asidi huugua: uso wake hugeuka unga mwekundu unaoshika vidoleni. Maradhi hayo hayaponi, na mafuta hayayatibu. Wahifadhi wa makumbusho huimarisha uso huo kwa haidroksipropili selulosi iliyoyeyushwa katika alkoholi. Mafuta ya kwato, yanayopendwa na wengi, yakizidi huitia ngozi weusi, huilegeza, huvuta vumbi na kuzifunika chapa. Sabuni ya matandiko ya farasi nayo haifai kwa ngozi kongwe, kwa kuwa ina alkali. Kutu ya kijani kwenye vifungo vya shaba hutolewa taratibu kwa kijiti cha mti, wala si kwa chuma. Penye unyevu mwingi, kama ilivyo pwani, adui mkubwa ni koga; ala ikae penye hewa, bila kufungwa katika plastiki, na silaha isihifadhiwe ndani yake, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kukiletea chuma kutu.

Mshono uliokatika ndio mtihani mgumu zaidi. Uzi wa zamani kwa kawaida ulikuwa wa kitani. Nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, kutokana na viangazi vilivyoenea baada ya Vita vya Pili. Kwa kipimo hichohicho mkaguzi humgundua mghushi, na pia fundi mwaminifu ambaye hakuandika alichokifanya. Tofauti kati ya wawili hao haimo katika uzi. Imo katika kumbukumbu iliyoachwa.

5.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, mkarabati anapaswa kupiga picha kabla ya kugusa, kunakili kila chapa hata isiyosomeka, kushona katika matundu yaleyale, kuutunza uzi uliotolewa, na kuandika tarehe na kazi aliyoifanya. Kanuni hizi si ngeni kwa wanafunzi wa miswada ya Kiswahili. Mhariri wa utenzi huonyesha alipojaza pengo na huiacha wazi tofauti ya nakala. Chapa iliyofifia katika ngozi inastahili heshima ileile, kwa sababu ikishafunikwa kwa rangi au kusuguliwa, hakuna nakala ya pili ya kuilinganisha nayo.