Bei ya insulini

Bei ya insulini ni gharama anayotozwa mgonjwa wa kisukari kwa homoni anayojidunga ili kudhibiti sukari kwenye damu. Hutofautiana mno baina ya nchi na nchi, hata dawa inapokuwa ileile. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na hataza yake ikauzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mgunduzi.

Marekani mambo yaligeuka. Kichupa cha Humalog, insulini ya Eli Lilly, kilianza kuuzwa mwaka 1996 kwa takriban dola 21. Miongo 2 baadaye kilikaribia dola 275. Dawa haikubadilika, ilibadilika bei. Soko lilikuwa mikononi mwa kampuni 3 na serikali haikupanga bei, hivyo wasio na bima waliumia zaidi: wapo waliopunguza dozi, wapo waliovuka mpaka kununua Kanada. Uingereza, anayetumia insulini hatozwi ada ya dawa kabisa.

Sheria ya Marekani ya 2022 iliweka ukomo wa dola 35 kwa mwezi kwa wanachama wa Medicare, bima ya umma ya wazee. Wasio na bima haikuwagusa.